Karl Blossfeldt: Mwalimu aliyeyapa magugu hadhi kwa kamera ya kujiundia

UMAARUFU ulimbishia hodi Karl Blossfeldt akiwa ameshaota mvi. Mnamo 1928 mwalimu huyo wa chuo cha sanaa jijini Berlin, Ujerumani, alikuwa na umri wa miaka 63, na hakuwa amewahi kusomea upigaji picha. Kitabu chake cha kwanza kilipotoka mwaka huo, kikiwa na picha 120 za mimea iliyopigwa kwa karibu mno, watazamaji walijiona kana kwamba wako mbele ya minara, fimbo za maaskofu na malango ya chuma.

Mimea yenyewe haikuwa ya fahari. Mingi ilikuwa magugu yaotayo kando ya barabara na kwenye matuta ya reli, yale ambayo mkulima huyang'oa na kuyatupa bila kuyatazama mara mbili. Kamera nayo aliiunda kwa mikono yake mwenyewe.

Blossfeldt alizaliwa Juni 13, 1865, katika kijiji cha Schielo kwenye milima ya Harz. Mnamo 1881, akiwa kijana wa miaka 16, alijiunga na kiwanda cha kusubu chuma cha Mägdesprung, si mbali na kwao, akawa mwanagenzi wa uchongaji. Humo vilitengenezwa vyuma vya urembo, vikiwemo malango na nyua zilizotiwa nakshi za majani na maua. Kazi hiyo ndiyo iliyomfunza kuutazama mmea kwa jicho la fundi: kikonyo kinaungana vipi na shina, jani linajikunja wapi, na uzito unabebwa na nini.

Kipaji chake kilimpatia ufadhili wa masomo, na mnamo 1884 akahamia Berlin kusomea sanaa katika chuo kilichoambatana na Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa za Ufundi.

Huko alikutana na mtu aliyeyageuza maisha yake, Profesa Moritz Meurer. Meurer alikuwa amepewa na serikali ya Prussia jukumu la kuandaa vielelezo vya kufundishia uchoraji na nakshi, vyote vikitokana na mimea. Katika miaka ya 1890 Blossfeldt alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake. Makao ya kazi yalikuwa Roma, nchini Italia, na safari za kukusanya mimea zilimfikisha Ugiriki na Afrika Kaskazini. Baadhi ya mimea waliifinyanga na kuisubu kwa shaba. Mingine ilipigwa picha, na hapo ndipo mkono wa Blossfeldt ulipoizoea kamera.

Aliporejea Berlin alipewa kazi katika chuo alichosomea, na kuanzia 1899 akawa na somo lake mahususi, yaani ufinyanzi wa maumbo kwa kuiga mimea hai. Alilifundisha hadi 1930. Kuhusu maisha yake ya nyumbani, inatosha kusema kwamba alioa mara mbili, na mke wake wa pili, Helene Wegener, aliyefunga naye ndoa mnamo 1912, alikuwa mwimbaji wa opera.

Tatizo lililomkabili darasani linaeleweka na mwalimu yeyote. Chipukizi lenye urefu wa ukucha halionekani na mwanafunzi aliyeketi nyuma. Ua linyauke baada ya saa chache, na likikaushwa kwa kubanwa kitabuni hubaki bapa, umbo lote likapotea. Blossfeldt alihitaji mmea usionyauka, mkubwa wa kutosha kuning'inizwa ukutani mwa darasa au kurushwa kwa taa ya kuonyeshea picha. Lenzi zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hiyo hazikuwa kitu cha kununuliwa kwa urahisi wakati huo. Aliamua kujiundia chombo.

Ujuzi wenyewe si wa ajabu ukielezwa. Taswira hukuzwa na umbali uliopo kati ya lenzi na kioo kinachoipokea. Kadiri lenzi inavyosogezwa mbali na kioo hicho, ndivyo taswira inavyopanuka. Umbali huo ukifika mara mbili ya urefu wa fokasi wa lenzi, ua huchorwa kwenye kioo likiwa na ukubwa wake halisi. Ukizidi hapo, ua hupita ukubwa wake. Kinachohitajika basi ni kasha refu la mbao na mfuko unaokunjuka na kukunjika kama wa kinanda cha kodiani, ili lenzi ya kawaida iweze kusogezwa mbele. Vipete vitupu, visivyo na kioo ndani, ambavyo wapigapicha wa leo wasiomudu lenzi ghali huvitia kati ya kamera na lenzi, hufanya kazi iyo hiyo.

Gharama ya ujanja huo hulipwa kwa mwanga. Mwanga uleule hutawanyika juu ya eneo pana zaidi, kiasi kwamba picha ya ukubwa halisi huhitaji muda mara nne ya ule wa picha ya mbali. Blossfeldt alitumia mwanga wa mchana uliopoa, usio na jua kali, na vioo vilivyopakwa dawa ambavyo wepesi wake wa kunasa mwanga ulikuwa mdogo. Lenzi ililazimika kubaki wazi kwa dakika kadhaa. Muda wote huo mmea haukupaswa kutikisika hata kwa pumzi ya mtu, na ndiyo maana picha zake zilipigwa ndani ya chumba, mmea ukiwa umesimamishwa mbele ya kadibodi nyeupe, ya kijivu au nyeusi.

Kadibodi hiyo ya bei ya chini ina sehemu kubwa katika uzuri wa picha zake kuliko watu wanavyodhani. Huondoa bustani, udongo na anga, na kuliacha jicho likiwa na umbo peke yake. Hapo kangaga changa zinazojiviringa zilionekana kama fimbo za maaskofu, vikono vya mboga ya malenge vikawa nakshi za mhunzi, na mkia-farasi, mmea mnyonge wa kandokando ya maji, ukawa mnara. Picha zilipokamilika, baadhi zilikuwa zimekuza mmea hadi mara 30. Nakala ndogondogo alizikata na kuzibandika kwenye vipande vya kadibodi, safu kwa safu, ili azilinganishe. Kwa jumla inakadiriwa kwamba alipiga picha zipatazo 6,000.

Hata hivyo, hakuwa akiuacha mmea ulivyo. Alipogoa majani, akachambua petali na kupunguza matawi hadi umbo alilolitaka litokeze. Mtaalamu wa botania ana haki ya kunung'unika, kwani mmea uliovuliwa majani yake hauelezi jinsi unavyoishi, wala katika picha zake hamna mdudu hata mmoja anayetua kutafuta asali. Ila wanafunzi wake hawakuwa wakisomea botania. Walihitaji kujua jinsi kitu kinavyosimama.

Huenda picha hizo zingezeekea kabatini chuoni lau si Karl Nierendorf, mwenye jumba la maonyesho jijini Berlin. Mnamo 1926 aliziweka ukutani pamoja na sanamu kutoka Afrika na New Guinea. Miaka miwili baadaye kampuni ya Ernst Wasmuth ilichapisha Urformen der Kunst, jina linaloweza kufasiriwa kuwa Maumbo Asilia ya Sanaa, Nierendorf akiandika utangulizi. Kitabu kilinunuliwa kwa wingi, na toleo la Kiingereza likafuata mnamo 1929. Mwaka huo picha zake zilikuwa pia katika maonyesho makubwa ya filamu na picha mjini Stuttgart.

Wasomi nao waliziania. Mhakiki Walter Benjamin alizisifu mwaka uleule wa 1928, akiona kwamba zimefungua ulimwengu wa taswira ambao jicho halikuujua. Kule Paris, Georges Bataille alizitumia mnamo 1929 kusindikiza makala yenye hoja tofauti kabisa, kwamba ua lina sura ya kuchukiza na ya kuoza chini ya urembo wake. Mwalimu aliyekusudia kuwafunza vijana kubuni malango alijikuta katikati ya mjadala ambao hakuuanzisha.

Dai lililobebwa na jina la kitabu, kwamba maumbo ya sanaa chimbuko lake ni mimea, halipaswi kumezwa zima zima. Mwashi wa zamani hangeweza kuiga chipukizi ambalo uzuri wake huonekana tu likikuzwa mara kumi. Nguvu ya picha hizo haitegemei dai hilo, na wanaozipenda leo wengi wao hawalijui.

Baada ya kustaafu aliandaa kitabu cha pili, Wundergarten der Natur, nacho kikiwa na picha 120. Kilitoka mnamo 1932. Blossfeldt alifariki jijini Berlin Desemba 9 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 67. Kitabu cha tatu kilichapishwa mnamo 1942, vita vikiwa vimepamba moto. Mamia ya picha zake za awali yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Berlin, mrithi wa chuo alichofundisha, pamoja na mimea ya shaba aliyoisubu kabla kamera haijaichukua nafasi ya kalibu.