Mwalimu Nyerere na Uhai wa Mtoto

Msafiri anayetoka Bunda kwenda Musoma akishuka Makutano na kushika njia ya Butiama, anafika nyumbani kwa mtu ambaye wengi tunamkumbuka kwa Uhuru na Azimio la Arusha. Ndugu msomaji, leo napenda tumtazame kwa upande ambao hatuutaji sana: namna maisha yake yalivyogusana na maswali ya uzazi, mtoto na uhai. Maswali hayo yanatugawa hata ndani ya familia za Kikatoliki, kila linapotajwa suala la kutoa mimba.

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na Mgaya Nyang'ombe, mama yake, alikuwa wa tano. Mgaya aliolewa akiwa binti wa miaka 15 hivi. Alizaa watoto wanane, na wawili walifariki wakiwa wadogo. Kwa Mara ya miaka ile hilo halikuwa jambo la ajabu. Mtoto alikuwa heshima ya mama na uhai wa ukoo, hata ikawa mwanamke asiye na mtoto aliweza kuoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Ndiyo desturi ya nyumba ntobhu, ambayo wenyeji, hasa Wakurya, hawahitaji kuelezwa. Kuna hazina katika mtazamo huo, maana mtoto hakuhesabiwa kuwa mzigo. Lakini mama mwenyewe anataka nini? Hakuna aliyeuliza.

Kijana Kambarage aliuliza. Kutoka shule ya Mwisenge, Musoma, alikwenda Tabora, kisha Makerere mwaka 1943. Huko aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akizipima hoja za Mwingereza John Stuart Mill kwa maisha ya wanawake wa kwao. Tunaosoma falsafa tunajua kwamba Mill ni mmoja wa mababu wa wale wanaosema leo kuwa mwili wa mwanamke ni wake na uamuzi ni wake. Kwa Kambarage usawa wa mwanamke haukugongana na imani: Desemba 1943 alibatizwa Nyegina kwa jina la Julius. Alisoma pia falsafa ya maadili huko Edinburgh, na mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel. Mwana wa mitara akachagua mke mmoja.

Alipokuwa Rais, alikuta nchi yenye Wakristo, Waislamu na watu wa dini za jadi, kila mmoja na maadili yake ya ndoa. Mwaka 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo ukajadiliwa na wananchi, na mwaka 1971 ikapitishwa Sheria ya Ndoa, inayotambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Rais Mkatoliki aliyesali Misa karibu kila siku alitia saini sheria inayoruhusu kile ambacho Kanisa lake linakikataa. Mimi simlaumu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya binadamu haiwezi kukataza kila uovu, na yanayopaswa kukatazwa kwanza ni yale yanayowadhuru wengine.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu katika kutoa mimba swali ni hilohilo: je, yuko mwingine anayedhurika? Kanisa linajibu kwamba yuko, tangu mimba inapotungwa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu hutaja siku 120, roho inapopulizwa, ingawa wengi wao huzuia hata kabla ya hapo bila sababu nzito. Wapo wanaochukia kutoa mimba lakini hawataki mwanamke afungwe, na wapo wanaoukubali pale tu palipo na ubakaji au hatari kwa mama. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni inampa anayemtoa mwanamke mimba hadi miaka 14 gerezani, na mwanamke mwenyewe hadi miaka 7. Kifungu cha 230 kinamlinda daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Uingereza yenyewe ililegeza sheria yake mwaka 1967. Zambia ya Kenneth Kaunda, rafiki wa Mwalimu na mtoto wa mchungaji, ililegeza mwaka 1972. Tanzania ya Mwalimu haikuibadili mpaka anang'atuka mwaka 1985.

Hata hivyo, anayetaka kumfanya bendera ya upande mmoja atapata shida. Julai 1968 Papa Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae. Mwaka uliofuata Mwalimu, akieleza Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, aliwaambia wananchi kwamba kuzaa hata wanyama wanazaa. Lililo la binadamu ni kulea na kusomesha, basi wasitazame idadi tu. Chama cha UMATI kilifanya kazi ya uzazi wa mpango katika nchi yake bila kufungiwa, na tangu 1974 huduma hizo zikaingia katika kliniki za mama na mtoto. Yeye na Mama Maria, niongeze tu, walipata watoto wanane.

Kwangu mimi jambo linalomkaribia zaidi mtoto ambaye hajazaliwa liko kwingine. Katika miaka ya 1970 likizo ya uzazi yenye malipo ilifika kwa mfanyakazi asiyeolewa pia. Wako waliosema ni kubariki uzinzi. Lakini binti aliye na mimba na mshahara ana sababu moja pungufu ya kwenda kwa mtoaji mimba wa kificho. Kwa mwanafunzi wa kike haikuwa hivyo. Enzi za Mwalimu, na miaka mingi baadaye, aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango wa kurudi ulifunguliwa rasmi Novemba 2021 tu. Nchi ilimtishia kwa gereza akitoa mimba, na akiibeba ikamnyima shule. Sioni namna ya kulitetea hilo kwa hoja yoyote ya uhai.

Na kuna kitanzi. Siku ya Krismasi 1971 mkulima Saidi Mwamwindi alimuua Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu. Alihukumiwa, Rais hakumsamehe, akanyongwa. Anayesema uhai ni wa Mungu tangu kutungwa hadi kifo cha kawaida hawezi kuruka ukurasa huu.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake. Mama Mgaya, aliyebatizwa Christina, alikuwa ametangulia miaka miwili tu. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Wanaochunguza maisha yake wana Sheria ya Ndoa, hotuba ya 1969 na hati ya Mwamwindi mezani, pamoja na rozari.