Harry Bolus: Dalali wa hisa aliyeorodhesha okidi za Cape

MSIBA wa mtoto ndio uliomwelekeza Harry Bolus kwenye maua. Mnamo mwaka wa 1864, mfanyabiashara huyo wa mji wa Graaff-Reinet, katika Koloni ya Cape, Afrika Kusini, alimzika kifungua mimba wake. Rafiki yake Francis Guthrie, aliyekuwa mwanahisabati, alimshauri aliwaze moyo kwa kuchunguza mimea. Mwaka uliofuata, Bolus akaanza kuichuma, kuikausha na kuiorodhesha.

Alizaliwa Nottingham, Uingereza, mwaka wa 1834, na kuvuka bahari akiwa bado kijana. Elimu ya mimea hakuipata chuoni. Riziki yake ilitokana na biashara na, baada ya kuhamia Cape Town, udalali wa hisa.

Mwaka wa 1876 yeye na Guthrie walisafirisha mimea yao hadi bustani ya Kew, London, ili ilinganishwe na ile iliyohifadhiwa huko na kutambuliwa kwa majina. Safarini kurejea, meli yao, Windsor Castle, ilikwama mwambani karibu na kisiwa cha Dassen. Wao waliokoka, lakini mimea na maandishi yakapotea. Mwenye moyo mwepesi angalikata tamaa. Bolus alianza upya.

Alizienzi zaidi okidi za ardhini, zile zinazoota udongoni badala ya kushikamana na matawi ya miti. Kuzisajili si kazi rahisi. Nyingi hujificha chini ya ardhi kwa miezi mingi zikiwa viazi vidogo, kisha huchanua kwa majuma machache tu. Nyingine hungoja hadi moto uteketeze kichaka. Mtafiti akipita kabla ya wakati, huenda akaamini kwamba eneo zima halina mmea huo.

Isitoshe, ua la okidi likikaushwa hupoteza umbo, na tofauti baina ya spishi huweza kuwa katika kiungo kidogo mno. Ndiyo maana Bolus alijizoeza kulichora ua lingali bichi. Kitabu chake kuhusu okidi za Rasi ya Cape kilitoka mwaka wa 1888, na kuanzia mwaka wa 1893 akatoa mkusanyo mkubwa wa michoro ya okidi za kusini mwa Afrika. Jamii kama Disa na Satyrium, alizozichunguza kwa makini, zinapatikana pia katika nyanda za juu za Kenya.

Bolus alifariki Uingereza mwaka wa 1911. Mimea, maktaba na sehemu ya mali yake aliirithisha chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mkazamwana wake, Louisa Bolus, aliitunza hazina hiyo ya mimea hadi mwaka wa 1955. Kazi iliyoanza kwa machozi ya mzazi ikawa urithi wa vizazi.