Julia Platt: Msomi Aliyeikinga Bahari

Mgala muue na haki umpe. Methali hii inaafiki maisha ya Julia Barlow Platt, mwanamke aliyefungiwa milango ya vyuo vikuu, ilhali wanazuoni wa vizazi vilivyofuata wamefaidi kivuli cha mti alioupanda.

Platt alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1857. Alilelewa Burlington, Vermont, akapata shahada yake ya kwanza katika chuo kikuu cha jimbo hilo. Baadaye alitafiti viinitete vya wanyama huko Harvard na Ujerumani. Mwaka wa 1898 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Freiburg, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Fauka ya hayo, usomi wake ulikuwa wa kijasiri. Mnamo 1893 alidai kwamba gegedu za kichwa cha salamanda hutokana na tabaka la nje la kiinitete. Wataalamu wa wakati huo waliamini kuwa gegedu zote hutokana na tabaka la kati, na wengi wao walimpinga vikali. Katikati ya karne ya 20, tafiti za wengine zilithibitisha kuwa mama huyu hakukosea.

Licha ya sifa hizo, Platt hakupata kazi ya chuoni. Mwaka wa 1899 alihamia Pacific Grove, California, mji wenye kituo cha utafiti wa bahari cha Hopkins, kilichoanzishwa na Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 1892. Alimwandikia David Starr Jordan, rais wa chuo hicho, kuomba kazi, lakini ombi lake liliambulia patupu. Hapo ndipo alipogeuza bidii yake yote kuwatumikia wakazi wa mji wake. Hata mwenye ardhi mmoja alipofunga njia ya kwenda ufuoni, Platt alilivunja lango lake.

Wakati huo ghuba ya Monterey ilikuwa mahututi. Fisi-maji wa baharini walikuwa wamewindwa kwa ajili ya ngozi zao hadi wakakaribia kuangamia. Nayo viwanda vya kusindika sardini vilimwaga uchafu majini. Mwaka wa 1931, akiwa amepita umri wa miaka 70, Platt alichaguliwa kuwa meya. Mwaka huohuo jimbo liliupa mji mamlaka juu ya ufuo na maji yake. Kwa uwezo huo, mji ulitenga maeneo ya hifadhi, likiwemo lile lililo mbele ya kituo cha Hopkins, ambamo viumbe wa baharini walilindwa dhidi ya wavunaji. Alichonyimwa na chuo, yeye hakukinyima chuo.

Platt aliaga dunia mwaka wa 1935, akazikwa baharini. Hakuyaona matunda. Sardini walipoadimika, viwanda vilifungwa kimoja baada ya kingine. Katika miaka ya 1960 fisi-maji walirejea Pacific Grove, wakakuta ndani ya hifadhi chakula kilichokuwa kimetunzwa kwa miongo mitatu. Waliwala viumbe wenye miiba wanaotafuna mwani, na misitu ya mwani ikastawi tena, ikawa makao ya samaki. Mwaka wa 1984, mahali palipokuwa na kiwanda cha kusindika samaki, palifunguliwa Makavazi ya Viumbe Hai wa Bahari ya Monterey, wazo lililochipuka miongoni mwa wanabiolojia wa Hopkins. Leo hifadhi ya Lovers Point ina jina la Julia Platt.

Ewe msomaji, maisha haya yana funzo kwetu sote tulio chuoni. Tafiti za chuo zinaweza kueleza jinsi bahari inavyougua, lakini sheria ya kuiponya hutungwa katika baraza la mji, na huko mtaalamu asipoingia, wengine wataamua kwa niaba yake. Platt alinyimwa kiti kimoja, akakitafuta kingine, naye hakuiacha elimu yake mlangoni.