Jon Postel, mtu aliyetunza daftari ya intaneti

Jon Postel alikufa tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 1998, kule Los Angeles, Marekani, akiwa na miaka 55. Wakati ule watu wengi wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia walikuwa hawajagusa intaneti hata siku moja. Lakini leo, kila mtu anayetuma baruapepe ao anayefungua ukurasa ndani ya simu yake anapita katika kazi ya huyu mtu. Postel hakuuza simu wala kompyuta. Alitunza orodha.

Uzito wa ile kazi unaonekana vizuri mtu akifikiria mambo ya parseli. Ndani ya muji, parseli moja ikiandikwa kwa watu wawili, ugomvi unaanza. Kila mmoja anakuja na hati yake, na kesi inaweza kukokota miaka. Kwenye intaneti ni vile vile. Kompyuta zinapewa namba, na kila kazi ina mlango wake wenye namba. Baruapepe, kwa mfano, inapita mlango namba 25. Namba moja ikigawiwa mara mbili, ujumbe hauna njia. Basi lazima mtu ashike daftari na aandike nani amepewa nini. Postel njo alikuwa huyo mtu, karibu miaka 30.

Alizaliwa tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1943 huko Altadena, jimbo la California. Masomo ya segondari aliyafanya Van Nuys, shule moja na Vint Cerf na Steve Crocker, ambao pia walikuja kuwa kati ya watu walioijenga intaneti. Kisha akaingia UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, na huko akapata udaktari wa informatiki mwaka 1974.

Akiwa bado mwanafunzi, alifanya kazi katika labo ya profesa Leonard Kleinrock. Tarehe 29 mwezi wa kumi mwaka 1969, kutoka katika ile labo ujumbe wa kwanza ulitumwa kwa rezo ya ARPANET, mama wa intaneti. Herufi mbili tu zilifika, kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Walirekebisha, wakajaribu tena, ikapita. Kila informatisiye anazijua siku za namna hiyo.

Wanafunzi wale hawakuwa na mkubwa wa kuwaambia namna ya kufanya. Mwaka 1969, Crocker alianza kuandika karatasi za kuomba maoni ya wenzake, zinazoitwa RFC. Postel alikubali kuzipokea, kuzisahihisha na kuzipa namba. Na pale watu walipoanza kuchagua namba za milango kila mtu kivyake, mwaka 1972 alipendekeza mtu mmoja awe msimamizi wa ile orodha, na akajitolea yeye mwenyewe. Hakuna aliyekataa. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na watu wengi hawakuitaka.

Mwaka 1977 alihamia ISI, kituo cha utafiti cha chuo kikuu cha Southern California, na akabaki pale mpaka kufa. Mwenzake Joyce Reynolds alisaidiana naye kwa miaka mingi. Ofisi yao ya kugawa namba ikaja kuitwa IANA. Jina lilikuwa kubwa, lakini nyuma yake kulikuwa watu wachache sana. Postel mwenyewe alikuwa na ndevu ndefu, na alipenda kuvaa sandali hata katika mikutano ya wakubwa.

Hakuishia kwenye daftari. Mwaka 1981 alihariri karatasi zinazoeleza TCP na IP, yaani sheria ambazo kompyuta zinafuata ili zielewane. Mwaka 1982 aliandika sheria ya kupeleka baruapepe. Ndani ya zile karatasi aliweka wazo moja ambalo watu wa informatiki wanalijua mpaka leo: mashine iwe makini sana na kile inachotuma, lakini ivumilie makosa madogo ya kile inachopokea. Ni sawa vile mzee wa familia anayechunga maneno yake, lakini hakasirikii kila neno la mgeni.

Kisha yakaja mambo ya majina. Mwanzoni, majina yote ya kompyuta yaliandikwa katika faili moja, na kila mtu alipaswa kuikopi. Rezo ilipokua, ile faili ikashindwa. Postel akamuomba mwenzake Paul Mockapetris atafute njia nyingine, na mwaka 1983 Mockapetris akaleta mpango wa majina unaotumika mpaka sasa. Mwaka uliofuata, Postel na Reynolds walitoa karatasi ya majina makubwa sawa vile .com na .org, pamoja na herufi mbili kwa kila inchi.

Hapo hatari ilikuwa kubwa. Nani anaamua hii ni inchi na ile si inchi? Watu wa mashariki ya Kongo wanajua jina na mpaka vinaweza kuleta nini. Postel alikataa kuingia katika ile siasa. Alifuata orodha ya kimataifa ya ISO, iliyokuwa tayari, na mwaka 1994 akaiandika wazi kama kanuni. Mwezi wa tano mwaka 1997 Zaire ikarudia jina la Kongo, na orodha ya ISO ikabadilika. Mwaka ule ule .cd ikaingia katika daftari yake. Jina la zamani, .zr, lilifutwa mwaka 2001.

Lakini feza ilikuwa imeshaingia. Kampuni ya Network Solutions ilikuwa inaandikisha majina ya .com kwa mkataba na serikali ya Marekani, na tangia mwaka 1995 ilianza kulipisha dola 50 kwa mwaka kwa kila jina. Serveri kubwa ya majina, ambayo zingine zote zilikopi, ilikuwa mikononi mwake. Watu wengi wakauliza intaneti ni ya nani.

Tarehe 28 mwezi wa kwanza mwaka 1998, Postel aliandikia wasimamizi wa serveri 8 kati ya zile 12 zingine. Aliwaomba waache kukopi kwa kampuni, wakopi kwa serveri yake. Wote 8 walifanya vile. Watu wenye kutumia intaneti hawakuona kitu. Lakini Washington iliona, na Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, akamuamuru arudishe kama mbele. Postel alirudisha, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Wengine waliona ni onyo kwa serikali. Kwa vyovyote, siku ile ilionyesha jambo moja: intaneti ya dunia nzima ilisimama juu ya imani ya watu kwa mtu mmoja, na hakuna sheria iliyoandika ile imani.

Yeye mwenyewe aliona kwamba hali ile haiwezi kudumu. Miezi iliyofuata alifanya kazi ili daftari ipewe shirika lisilo la faida. Hilo shirika, ICANN, liliandikishwa mwisho wa mwezi wa tisa mwaka 1998. Wiki mbili na siku chache baadaye, Postel akafariki baada ya kupasuliwa moyo. Cerf, mwenzake wa shule, aliandika karatasi ya kumkumbuka, na ikawekwa katika mfululizo ule ule aliouchunga maisha yake yote: ni RFC namba 2468.

Intaneti haikusimama siku ile hata dakika moja. Orodha za Postel hazikuwa ndani ya kichwa chake wala ndani ya kabati yenye funguo moja. Zilitangazwa, kila mtu aliweza kuzisoma, na wenzake walijua kuziendeleza. Leo katika hospitali, benki na masomo ya mashariki kuna informatisiye mmoja anayejua peke yake neno la siri la serveri na mahali kopi za akiba zinawekwa. Siku akihama, akigonjwa ao akifa, ndipo wakubwa wanauliza daftari iko wapi. Postel alikuwa ameijibu ile swali mbele ya kwenda.