Semei Kakungulu, Mkubwa Aliyebeba Kusanyiko Mgongoni

Wengi wetu hapa Kisangani tunajua jina la Apolo Kivebulaya, yule mhubiri wa Uganda aliyefika Boga, kule Ituri, mwaka 1896. Leo tunataka kuwapa habari za mtu mwingine wa nchi ile ile na wa siku zile zile. Naye pia alikuwa Mprotestanti. Lakini Apolo alikuwa mtu wa mali kidogo sana, na huyu alikuwa na askari, bunduki na ardhi. Mwishoni alianzisha kusanyiko la Wayahudi Waafrika, na kusanyiko lile liko hata leo. Jina lake Semei Kakungulu.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 katika nchi ya Kooki. Akiwa kijana alikwenda Buganda kutumikia kwa Kabaka Mwanga. Alikuwa hodari wa kuwinda tembo. Kule akajifunza kusoma kwa wamisionere Waingereza, akabatizwa. Siku zile watu wa dini walikuwa wakipigana kwa bunduki, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti. Kakungulu akawa mkubwa wa vita upande wa Waprotestanti, na sifa yake ikaenea kila mahali. Lakini ndani ya upande ule ule alikuwako Apolo Kagwa, waziri mkubwa wa Kabaka. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu akatoka, akaenda kutafuta nafasi yake upande wa mashariki.

Mwaka 1899 alikuwa pamoja na jeshi la Waingereza lililokamata wafalme wawili, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Wote wawili walipelekwa mbali, katika visiwa vya Shelisheli. Kisha Kakungulu akaingia nchi ya Bukedi na watu wake, akaishika kwa nguvu. Wenyeji wa kule waliumia, na hilo tusilifiche. Pia alijua kupanga kazi: aligawa nchi kwa machifu, akakata barabara, akapanda miti na mashamba ya ndizi. Mji wa Mbale, karibu na mlima Elgon, ulianza kwa mkono wake.

Yeye alifikiri Waingereza watamfanya mfalme wa nchi ile. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1902 walimwondoa katika boma lake la Budaka, wakampa ardhi ya maili 20 za mraba pale Mbale. Kutoka 1906 mpaka 1913 walimweka mkubwa wa baraza la machifu wa Busoga. Baadaye akarudi Mbale, moyo ukiwa na uchungu juu ya ahadi aliyodhani amepewa.

Sasa ndipo alipoanza kusoma Biblia kwa bidii mpya. Kwanza aliingia katika dini ya Wamalaki iliyoanza Uganda mwaka 1914. Wale walishika Sabato siku ya posho, na walikataa dawa za daktari. Lakini Kakungulu hakuishia pale. Aliona katika vitabu vya Musa amri ya kutahiriwa, akauliza kwa nini watu wanaiacha. Mwaka 1919 alitahiriwa, yeye na wanawe. Wamalaki wakamkataa, kwa maana jambo hilo kwao lilikuwa la Wayahudi. Naye akakubali: basi yeye ni Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, maana yake Wayahudi kwa Kiganda.

Hapo mwanzo walikuwa wakichanganya mambo, Sabato pamoja na desturi za Kikristo. Mwaka 1920 alifika Myahudi mmoja kutoka Ulaya, jina lake Yosef, akakaa nao karibu miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, na namna ya kushika Sabato. Kakungulu akaanzisha masomo madogo ili mafundisho yale yasipotee. Mwaka 1922 akatoa kitabu kwa Kiganda, cha kurasa kama 90, chenye sala na sheria za kusanyiko.

Ndugu, tusimame kidogo hapa, tutazame namna kusanyiko la Wayahudi linavyoendeshwa. Kwao hakuna askofu wa kutuma mchungaji au feza kutoka juu. Kila kusanyiko linasimama kwa miguu yake: linachagua wazee wake, linatunza nyumba yake, linalipa mwalimu wake. Kwa desturi yao ya zamani, sala ya pamoja inataka wanaume kumi. Tajiri mmoja hawezi kuhesabiwa kuwa kumi. Tena siku ya Sabato hawashiki feza. Kwa hiyo hakuna kikapu cha sadaka kinachopita katikati ya ibada kama kwetu siku ya yenga. Michango inatolewa siku za kazi, na mtu anaandikwa kama mshiriki mwenye wajibu wake. Katika Kutoka sura ya 30 tunasoma kwamba kila mtu mzima alitoa nusu shekeli kwa kazi ya hema. Tajiri hakuruhusiwa kuzidisha, na maskini hakuruhusiwa kupunguza. Maana yake tunaiona: nyumba ile ilikuwa ya wote, hakuna wa kusema ni yangu.

Je, kusanyiko la Mbale lilikuwa hivyo? Hapana, halijafika bado. Ardhi ilikuwa ya Kakungulu. Jina lililolinda watu mbele ya serikali lilikuwa la Kakungulu. Mwalimu mkubwa, mwamuzi na mwenye kitabu, ni yeye yule. Alibeba kila kitu mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto. Hatumlaumu bure: bila mgongo ule mtoto asingepona. Lakini mtoto asiyeshushwa chini hajifunzi kutembea.

Tarehe 24 Novemba 1928 Kakungulu alikufa kwa ugonjwa wa pepopunda. Alizikwa kule kule karibu na Mbale. Baada yake watu waligawanyika, wengine wakarudi katika makanisa. Waliobaki waliongozwa na wazee kama Samson Mugombe. Hawa hawakuwa na jeshi wala maili 20 za ardhi. Walikuwa na kitabu, kalenda ya sikukuu, na nyumba za sala walizojenga wenyewe.

Jaribu kubwa lilikuja baadaye. Idi Amin alishika utawala mwaka 1971, akakataza dini yao. Waliomba kwa siri. Walikuwa karibu 3.000, na alipoanguka mwaka 1979 walibaki karibu 300. Sasa mkubwa wa kuwabeba hakuwako tena. Ndipo vijana, wa umri kama wetu na kupita kidogo, walikwenda kuikaa pamoja juu ya kilima cha Nabugoye, wakaanza kutengeneza kusanyiko upya. Mwaka 2002 waamuzi wa dini kutoka nje walifika, wakapokea karibu watu 400 kuwa Wayahudi kwa kufuata sheria. Mwaka 2008 mmoja wa vijana wale wa zamani, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi baada ya kusoma Marekani.

Na feza je? Mwaka 2004 mkulima mmoja wa kusanyiko, J. J. Keki, alitembea nyumba kwa nyumba kwa jirani zake Wakristo na Waislamu. Wakaanzisha pamoja koperative ya kahawa, Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, na kahawa yao ikauzwa mpaka Marekani. Kumbukeni kwamba babu zao, wa dini mbalimbali, walikuwa wakipigana kwa bunduki siku za ujana wa Kakungulu. Sasa wajukuu wanapima kahawa kwenye kilo moja.

Sisi tunapata nini katika maisha haya? Hapa kwetu pia tunajua makanisa na masomo yaliyosimama juu ya mtu mmoja, au misioni moja. Siku anapokwenda, paa linavuja na hakuna anayejua ufunguo wa sanduku uko wapi. Hata kwaya yetu ya wanafunzi, kama mutunza feza ni mmoja na kitabu cha hesabu kiko kichwani mwake tu, basi akimaliza masomo yake kwaya nayo imekwisha. Afazali kila mmoja atoe franka kidogo na kuandikwa jina, na watu wawili watatu wahesabu mbele ya wote.

Kakungulu alipoteza ufalme, na ardhi ile haikumfanya mfalme. Kitu alichoacha kikadumu ni kile alichofundisha na kuandika, hata watu wakaweza kukishika bila yeye.