Bibi Titi Mohamed: Mpigania uhuru aliyeng'atuka kwa sababu ya nyumba za kupangisha

KILA siku wakazi wa Dar es Salaam huipita Barabara ya Bibi Titi Mohamed, wakiwamo akina mama wa Temeke na Kinondoni wanaokwenda mjini kutafuta riziki. Wengi wanamfahamu mwenye jina hilo kuwa mpigania uhuru. Wachache wanakumbuka kuwa mwaka 1967 aliacha uongozi kwa jambo linalowagusa akina mama hao: mwanamke kujitegemea kwa mali yake.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam Juni 1926. Alisoma hadi darasa la nne, akawekwa ndani alipovunja ungo kama ilivyokuwa desturi, kisha akaozwa akiwa na umri wa miaka 14. Ndoa hiyo haikudumu.

Katika mji wa wakati ule, ajira za bandari, reli na ofisi zilikuwa za wanaume. Mwanamke asiye na elimu aliuza vitumbua, alikaanga samaki au alipika pombe. Aliyejaliwa zaidi alijenga au kurithi nyumba akapangisha vyumba. Sheria ya Kiislamu ilimpa haki ya kumiliki mali, na hata mume alipomwacha, kodi ya chumba haikumwacha.

Wanawake wa aina hiyo ndio waliokuja kuwa nguzo ya TANU. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Tanganyika, aliuliza kuhusu nafasi ya wanawake katika chama hicho kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla. Bibi Titi, mwimbaji maarufu wa kikundi cha ngoma cha Bomba, akakabidhiwa jukumu la kuwaongoza. Alipita kwenye vikundi vya ngoma na majumbani, na katika muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 wakawa wamejiunga.

Hata hivyo, uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulipowadia, wengi wao hawakuruhusiwa kupiga kura. Masharti ya serikali ya kikoloni yalimtaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au wadhifa unaotambuliwa. Muuza vitumbua hakuwa na hata kimoja. Aliyechangia chama na kuuza kadi zake alibaki kuwatazama wengine wakipiga kura.

Baada ya uhuru, Bibi Titi alikuwa mbunge na naibu waziri, na mwaka 1962 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge jimboni Rufiji, lakini aliendelea na nafasi yake katika chama.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Miiko yake ya uongozi ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba za kupangisha. Lengo lilikuwa kuzuia viongozi wasigeuke wanyonyaji. Lakini mwiko huo haukuwa na uzito sawa kwa wote. Msomi aliyeachia nyumba alibaki na cheti, mshahara na matumaini ya pensheni. Kwa mwanamke aliyeishia darasa la nne, kodi ya nyumba ndiyo ilikuwa pensheni yenyewe. Bibi Titi alikuwa na nyumba alizopangisha. Alilipinga sharti hilo, akajiuzulu.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za kutaka kuipindua serikali. Katika kesi ya uhaini iliyoanza mwaka uliofuata alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha maisha, lakini mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais Julius Nyerere. Baada ya hapo aliishi kimya, jina lake likitajwa kwa nadra.

Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, katika kikao chake cha Zanzibar, ililegeza masharti ya Arusha. Viongozi wakaruhusiwa kupangisha nyumba. Ilikuwa imepita miaka 24 tangu Bibi Titi ajiuzulu.

Alifariki dunia Novemba 5, 2000 mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Mwaka mmoja kabla, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Ardhi inayompa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.