Maisha ya Mathias Zdarsky, Mwalimu wa Theluji

Wasomaji wetu wakaao Uchagani huiona theluji ya Kibo kila mawingu yanapoondoka, nao huidhani kuwa kitu kitulivu. Lakini katika milima ya Alpi huko Ulaya, theluji huweza kuporomoka ghafula, ikafunika watu na nyumba. Leo twapenda kuwasimulia habari za mtu aliyeijua sana hatari hiyo, nayo haikumwacha.

Mathias Zdarsky alizaliwa tarehe 25 Februari 1856 katika nchi ya Moravia, iliyokuwa siku zile chini ya Kaisari wa Austria. Alipokuwa mtoto alipoteza jicho moja kwa mlipuko. Hata hivyo alijifunza kazi nyingi, akawa mwalimu wa shule, tena mchoraji na mchonga sanamu. Mwaka 1889 alihamia shamba la Habernreith, karibu na mji wa Lilienfeld katika Austria.

Huko alisoma habari za Nansen, Mnorwe aliyeivuka Greenland mwaka 1888 kwa mbao ndefu za kutelezea, zifungwazo miguuni. Akaagiza mbao kama hizo kutoka Norway. Alipozijaribu aliona hazifai katika miteremko mikali, basi akazitengeneza upya, akabuni na namna ya kushuka kwa kupinda huku na huku. Watu kwa maelfu wakamwendea, naye akawafundisha bila kudai malipo.

Hata mwaka 1915, katika Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Austria na Italia yakapigana juu ya milima yenyewe, na theluji ikaua askari maelfu. Zdarsky akaitwa kuwafundisha askari kujihadhari. Maana theluji hulala tabaka juu ya tabaka. Ikinyesha mpya, au upepo ukiirundika juu ya tabaka dhaifu, haishikamani nalo. Ndipo uzito wa mtu mmoja tu huweza kuikata, na mteremko mzima ukashuka pamoja naye.

Tarehe 28 Februari 1916, siku tatu baada ya kutimiza miaka 60, Zdarsky alikwenda kuwaokoa watu waliofukiwa. Poromoko jingine likashuka, likamkumba yeye mwenyewe. Alitolewa akiwa hai, lakini mifupa yake ilikuwa imevunjika na kuteguka mahali kama 80.

Mzee huyo hakukata tamaa. Akauzoeza mwili wake kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata akaweza kusimama tena juu ya mbao zake. Tena akaandika kitabu juu ya maporomoko ya theluji, ili wengine wajue aliyoyajua yeye. Alifariki tarehe 20 Juni 1940, mwenye umri wa miaka 84.

Twaona katika maisha yake kwamba kuijua hatari si kinga ya hatari. Kwa hiyo hata leo wenye busara huvuka mteremko wa hatari mmoja mmoja, ili wabaki wa kumfukua mwenzao. Kila mtu huchukua chombo cha redio cha kumtafuta aliyefukiwa, ufito mrefu na koleo. Kwa maana robo saa ikipita, tumaini la kumpata hai hupungua upesi. Na wakiuona mlima haufai siku ile, hurudi nyumbani, wala hawaoni haya.